Mbwa Jike Anapotokwa na Majimaji Kwenye Chuchu: Sababu Zake na Hatua za Kuchukua

Somo letu la afya ya mifugo katika toleo hili linamhusu mnyama ambaye hufikishwa kwa daktari mara chache, na akifikishwa huwa amecheleweshwa. Mfugaji anayekama ng'ombe hukagua kiwele kila asubuhi. Akiona maziwa yana mabonge au damu, humpigia simu afisa wa mifugo kabla jua halijapanda. Lakini mbwa anayelinda zizi la mbuzi usiku kucha, au anayefukuza nyani na tumbili shambani, ni nadra kumpata mtu wa kumgeuza na kumtazama tumbo. Mwenye mbwa hugundua madoa sakafuni, au huona chuchu moja inang'aa kwa unyevu, kisha huenda moja kwa moja kwenye duka la agroveti kuulizia "dawa ya matiti".

Hakuna dawa moja ya matiti. Majimaji yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa maziwa ya kawaida yasiyohitaji dawa yoyote, au usaha unaoweza kumuua mama pamoja na watoto wake kwa siku chache, au dalili ya saratani. Mwenye mbwa anaweza kuanza kutofautisha akiwa nyumbani kwa kujibu maswali matatu. Je, mbwa ana watoto, au alizaa hivi karibuni? Alikuwa kwenye joto mara ya mwisho lini? Majimaji yanatoka kwenye chuchu moja au nyingi? Daktari wa mifugo atakuuliza haya haya, na majibu yako yatamsaidia kuliko jina la dawa uliyokwisha kununua.

Jinsi matiti ya mbwa yalivyo

Mbwa wengi wana chuchu 10, yaani jozi tano, ingawa si ajabu kumkuta mwenye 8 au 12. Zimepangwa katika mistari miwili kutoka kifuani hadi kinenani. Kwa sababu jozi za mbele ziko kifuani, baadhi ya watu huja wakisema mbwa wao "anatoka maji kifuani" wakidhani ni kidonda, kumbe ni titi.

Kuna tofauti nyingine ambayo mfugaji wa ng'ombe anapaswa kuifahamu. Chuchu ya ng'ombe ina tundu moja. Chuchu ya mbwa ina matundu mengi madogo sana, mithili ya bomba la manyunyu. Kwa hivyo zile bomba za dawa zinazosukumwa ndani ya chuchu ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele haziwezi kumfaa mbwa. Wapo wanaojaribu. Matokeo yake ni kuichubua chuchu, na mara nyingine mwenye mbwa mwenyewe kuumwa mkono.

Maziwa yasiyo na tatizo

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Siku chache kabla ya kuzaa matiti hujaa, na chuchu zinaweza kudondosha. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, huwa mazito na ya rangi ya manjano. Hayo si usaha, na yasikamuliwe yakamwagwa: watoto wanapaswa kuyanyonya siku ile ile ya kuzaliwa, kwa kuwa kinga iliyomo hupita kwenye matumbo yao kwa muda mfupi tu.

Shida ya maziwa ya kawaida hutokea zaidi wakati wa kuachisha. Mnunuzi anakuja Jumamosi na kuwachukua watoto wote sita kwa mpigo. Kufikia Jumatatu matiti ya mama yamejaa, yamekuwa magumu na yanauma. Ni afadhali watoto waondolewe kidogo kidogo wakiwa na umri wa kati ya wiki sita na nane, na chakula cha mama kipunguzwe kwa siku chache ili maziwa yakauke. Usimkamue ili "kumpunguzia". Kila unapokamua, mwili hupokea ujumbe kwamba maziwa bado yanahitajika, nao hutengeneza mengine.

Mimba ya uwongo

Hili ndilo jambo linalowashangaza watu wengi. Mbwa hakupandwa, au hakushika mimba, na bado wiki sita hadi nane baada ya joto anafura matiti na kutoa maziwa. Anachimba shimo chini ya ghala, anakusanya viatu na matambara, anayalalia na kumngurumia yeyote anayekaribia. Kuna nyumba ambapo mbwa wa namna hii amepigwa kwa sababu ya kiatu kilichopotea, au amefukuzwa kwa kudhaniwa kuwa amepagawa.

Sababu yake imo katika maumbile ya mbwa. Kila baada ya joto, awe ana mimba au hana, vifuko vyake vya mayai hutoa homoni ya projesteroni kwa takriban miezi miwili. Homoni hiyo inaposhuka, nyingine iitwayo prolaktini hupanda, na prolaktini ndiyo inayoamrisha matiti kutengeneza maziwa. Mwili unajiandaa kupokea watoto ambao hawapo.

Katika mimba ya uwongo majimaji huwa meupe au ya rangi ya maji yenye ukungu, na hutoka kwenye chuchu nyingi, hasa za nyuma. Mbwa hana homa, anakula vizuri au chakula kimempungua kidogo tu, na matiti yake si ya moto kupita kiasi. Wengi hupoa wenyewe kwa wiki mbili au tatu. Mpeleke matembezini na usimguse matiti. Viatu anavyovilea mwondolee akiwa hayupo. Akijilamba mfululizo, mfunike tumbo kwa fulana kuukuu, maana kujilamba ni sawa na kukamuliwa. Ikiwa hali inazidi wiki tatu, au anakataa kabisa kula, daktari ana dawa ya kushusha prolaktini.

Wanaoamua kumtoa kizazi mbwa wa namna hii wasikimbilie upasuaji wakati maziwa bado yanatoka. Kuondoa vifuko vya mayai wakati huo kunaweza kuifanya hali hiyo iendelee kwa muda mrefu. Daktari atasubiri matiti yakauke kwanza.

Ugonjwa wa kiwele kwa mama anayenyonyesha

Sasa tuje kwa mbwa mwenye watoto, na hapa hakuna nafasi ya kusubiri. Bakteria, mara nyingi wale wa kwenye ngozi au wa kwenye kinyesi, huingia kupitia matundu ya chuchu au kupitia mikwaruzo ya kucha na meno ya watoto. Titi moja au mawili hufura, huwa ya moto, mekundu au ya rangi ya zambarau, na mama huruka ukimgusa. Yanayotoka yanaweza kuwa ya manjano, ya kijani kibichi, ya kahawia au yenye damu. Wafugaji wengi wanaujua ugonjwa huu kwa jina la mastaitisi kutoka kwa ng'ombe wao, na ni ugonjwa ule ule, isipokuwa mbwa ana mwili mdogo na sumu ya bakteria humlemea haraka.

Mara nyingi watoto ndio wanaotoa habari ya kwanza. Watoto wa mbwa walioshiba hulala. Wakilia usiku na mchana, wakiwa na matumbo yaliyolegea au yaliyojaa hewa, mkague mama. Mwenye mizani ya jikoni awapime kila siku kwa wakati ule ule. Mtoto wa mbwa mwenye afya huongezeka uzito kila siku, na asiyeongezeka kwa siku nzima ana tatizo.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za selsiasi, kwa hivyo mkono wako utamhisi ana moto hata akiwa mzima. Usitegemee pua kavu wala masikio ya moto. Kipimajoto ndicho kinachosema ukweli. Mama mwenye homa, aliyeacha kula na anayewaepuka watoto wake, apelekwe siku hiyo hiyo. Titi likianza kuwa jeusi na baridi, nyama yake imekufa, na hapo anahitaji daktari saa hiyo.

Kabla ya kufika unaweza kumkanda kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu, dakika chache kila mara, na kumpa maji mengi ya kunywa. Zaidi ya hapo, tunaomba msimpe dawa za kubahatisha. Sindano ya oksitetrasaiklini, ambayo haikosekani katika boma lenye ng'ombe, hupita kwenye maziwa na kuharibu rangi ya meno ya watoto yanayokua. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Daktari atachagua antibiotiki iliyo salama kwa wanaonyonya, na kama kuna jipu atalipasua na kulisafisha.

Je, watoto waendelee kunyonya? Jibu hutegemea hali ya titi. Ugonjwa ukiwa mwepesi, kunyonya husaidia titi kumwaga maziwa. Ukiona usaha au weusi, watoto wasiliguse titi hilo. Wakilazimika kulishwa kwa mkono, maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi, kwani maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya maradufu ya yale ya ng'ombe. Omba maelekezo ya kuyaongezea nguvu, au ya kutumia maziwa maalumu ya unga kama yanapatikana karibu nawe.

Mbwa mzee asiye na watoto

Tunakaa hapa kwa muda kidogo kwa sababu hapa ndipo mbwa wengi hupotea. Mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi, mwenye umri wa miaka sita kwenda juu, akitokwa na majimaji ya kahawia au damu kwenye chuchu moja, na hana watoto wala hakuwa kwenye joto karibuni, achukuliwe kuwa ana uvimbe mpaka daktari aseme vinginevyo.

Uvimbe wa matiti ni miongoni mwa uvimbe unaoonekana zaidi kwa mbwa jike wasiotolewa kizazi. Takriban nusu yake huwa saratani, na nusu nyingine si hatari kwa kiasi hicho, lakini mkono wa mtu hauwezi kuzitofautisha. Mara nyingi uvimbe huanzia kwenye jozi mbili za nyuma, karibu na kinena, mahali ambapo hata mwenye kumpenda mbwa wake hapapapasi. Huanza ukiwa kama punje ya choroko chini ya ngozi. Hauumi. Mbwa anakula, anabweka, anafukuza wezi kama kawaida, na mwenyewe anasema, "Nitaangalia mwezi ujao." Uvimbe uliotolewa ukiwa chini ya sentimita tatu una matumaini makubwa zaidi kuliko ule ulioachwa hadi ukawa kama chungwa na kupasuka. Saratani ikisambaa, mara nyingi huelekea kwenye mapafu. Mbwa anayeanza kukohoa na kukonda akiwa na uvimbe wa titi wa muda mrefu huenda amefika huko, na kwa hiyo daktari anaweza kutaka picha ya eksirei ya kifua kabla ya kumpasua.

Ipo aina moja ya saratani inayodanganya hata wataalamu. Matiti kadhaa hufura kwa pamoja, ngozi huwa nyekundu, ya moto na ngumu kama ubao, na maji hutoka. Kila mtu husema ni mastaitisi. Lakini mbwa ni mzee na hana mtoto hata mmoja! Akipewa antibiotiki kwa wiki nzima bila nafuu, swali la kwanza tulilouliza linapaswa kurudi mezani. Aina hii ni kali na upasuaji haumsaidii. Kinachobaki ni kumpunguzia maumivu, na kuijua mapema kunamwokoa mnyama na kisu kisicho na faida.

Kinga yake inajulikana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulilinganisha mbwa waliotolewa vifuko vya mayai na wale ambao hawakutolewa. Waliofanyiwa upasuaji kabla ya joto la kwanza walikuwa na hatari ya nusu asilimia ya ile ya wasiofanyiwa. Baada ya joto la kwanza ilikuwa asilimia 8, na baada ya joto la pili au zaidi, asilimia 26. Wapo watafiti waliozikosoa namba hizo baadaye wakisema ushahidi unahitaji nguvu zaidi, na kwa mbwa wa miili mikubwa sana daktari anaweza kushauri kungoja kidogo kwa sababu ya mifupa. Kwa mbwa wetu wa kawaida wa bomani, ambaye pia huzaa watoto wasio na wa kuwalea, ushauri wetu ni kumpeleka mapema, kabla hajaingia joto mara ya kwanza, ambalo mara nyingi huja kati ya miezi sita na 12.

Kinyume chake ni zile sindano za kupanga uzazi za wanawake ambazo watu huwachoma mbwa ili wasiingie joto. Zina homoni ya jamii ya projesteroni. Kwa mbwa huongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti na wa usaha kujaa kwenye mfuko wa uzazi. Ni bei rahisi siku ya kuchomwa tu.

Yasiyotoka kwenye titi

Si kila unyevu wa tumboni au kifuani ni wa chuchu. Huku kwetu Pwani kuna yule inzi anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli, na funza wake hupenya ngozi ya mbwa anapolala hapo. Huonekana kama jipu lenye tundu katikati, linalotoa maji mekundu mekundu, na ukitazama kwa makini kitu kinacheza ndani. Pakaa mafuta mazito ya mgando kuziba tundu, subiri, kisha funza atolewe taratibu bila kupasuliwa ndani. Palipokuwa na wengi, badilisha mahali pa kulala mbwa.

Majeraha ya kuumwa na mbwa wengine au na nyani hufunga juu huku usaha ukikusanyika chini, na baada ya siku kadhaa hupasuka kifuani. Kupe nao hupenda kujishika karibu na chuchu, na wakati mwingine mtu huvuta chuchu yenyewe akidhani ni kupe. Kwa watoto wa mbwa hilo hutokea sana.

Mbwa dume pia ana chuchu. Zikivimba au kutoa maziwa, mwangalie korodani. Korodani moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, au moja ikiwa haijawahi kushuka, huenda kuna uvimbe unaotoa homoni za kike, na dawa yake ni upasuaji.

Mwisho, hakikisha majimaji hayatoki nyuma. Mbwa aliyekuwa kwenye joto mwezi mmoja au miwili iliyopita, anayekunywa maji mengi kuliko kawaida, amenyong'onyea, na ana usaha mkiani unaochafua tumbo hadi kwenye chuchu, anaweza kuwa na usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Mara nyingine mlango wa uzazi hufunga na hakuna kinachotoka, tumbo tu linajaa. Huyu ni mgonjwa wa dharura, na kumchelewesha hadi Jumatatu kumewaua wengi.

Unapompeleka kwa daktari

Hudumiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Una haki ya kuomba kuona leseni yake ya mwaka huu. Ofisi ya mifugo ya wadi yako itakuelekeza kwa aliye karibu.

Usimwoshe mbwa kabla ya kwenda. Daktari anataka kuyaona majimaji yalivyo, na pengine kuchukua sampuli. Kama yanatoka kwa vipindi, yapige picha kwa simu yakiwa kwenye kitambaa cheupe. Andika tarehe ya joto la mwisho, tarehe ya kuzaa, na kila dawa uliyompa, hata ile unayoona haya kuitaja.

Mama mwenye maumivu huuma hata wenyeji wake, kwa hivyo mfunge mdomo kwa kitambaa laini ikiwa hatapiki na anapumua vizuri. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitalini siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Beba cheti cha chanjo ya mbwa. Kama chanjo imepitwa na wakati, sema hivyo mlangoni kabla hajashikwa na mtu.

Na kama ananyonyesha, watoto nao waje, ndani ya boksi lenye kitambaa kikavu na lililofunikwa upepo usiwapige. Daktari atawatazama wao pia, na mama hutulia akiwasikia karibu.